Simba wa Mista Piter

Msinicheke mpaka nimalize, maana hata sasa uso unaniwaka.

Ofisini kwetu tulikuwa tunamuaga Mista Piter, mhandisi wa Kiingereza, na kazi ya kutafuta zawadi nikaachiwa mie. Furaha niliyokuwa nayo! Sisi Waomani jina la mwisho ndiyo kabila. Ukishalijua jina la mtu, ushawajua na babu zake. Nikalitafuta jina lake la mwisho kwenye simu. Loo, nikakutana na ukoo wa malodi, mabwana wakubwa wa Kiingereza! Kasri, mashamba, na ngao ya ukoo yenye simba mwekundu aliyeshika ufunguo.

Mama akanambia, "Muulize mwenyewe kwanza, mwanangu."

"Mama, nikimuuliza si atajua?"

Mbio mpaka soko la Matrah kwa sonara, akanichongea simba yule katikati ya sinia la fedha, kucha zote zinaonekana.

Siku yenyewe nikashika maikrofoni, nikawataja wazee wake vizazi saba, bila ya karatasi. Mkurugenzi akapiga makofi. Mista Piter akalifunua sinia, akaganda, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hawa si wazee wangu," akasema. "Hawa walikuwa mabwana zetu. Babu wa babu yangu alikuwa mtumishi wao, na jina alichukua lao. Mwisho wakamfukuza."

Nami, maikrofoni ingali mdomoni, nikauliza, "Kwa kosa gani?"

Akalinyanyua sinia juu, ukumbi mzima ulione.

"Aliiba sinia lao la fedha," akasema, "lenye simba huyuhuyu."