Rundo la Mchanga kwenye Uwanja wa Mwisho

Mtaani kwetu mchanga ukimwagwa mahali, watu hawaoni mchanga. Wanaona tangazo. Leo mchanga, kesho kokoto, keshokutwa mabati ya kuzungushia, na ukirudi kutoka kanisani unakuta ghorofa saba na mlinzi anakuuliza unamtafuta nani. Viwanja viwili vya watoto tuliokuwa navyo viliondoka hivyo hivyo. Kwa hiyo siwezi kusema majirani walikosea sana waliponishuku. Lakini walinishuku kwa kelele, na mimi ni mtu wa kujibu.

Nilikuwa mtu wa mjengo. Nimebeba mchanga hadi nikaamini nusu ya Nairobi ilipanda ghorofani kupitia shingo yangu. Kisha nikaingia shule ya jioni, saruji ingali kwenye kucha, nikasomea malezi na elimu ya watoto wadogo. Darasa zima ni akina mama, halafu mimi. Wenzangu wa mjengo walicheka wiki tatu bila kupumzika. Hata chapati walikula wakicheka.

"Buda, kwa hivyo wewe sasa ni yaya?"

Nikawaambia ndiyo, tena yaya mwenye cheti.

Mimi na mke wangu tukafungua chumba kando ya uwanja wa mwisho uliobaki, katikati ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, upande wa Kariobangi. Asubuhi yeye hukaa na wale wadogo. Alasiri mimi huwapokea wanaotoka shule, ambao mama zao wako sokoni au kiwandani mpaka giza liingie. Kabla yetu, hao walikuwa wakifungiwa ndani kwa kufuli au wakizurura barabarani. Chumba chenyewe ni kidogo, ukipiga chafya unaomba radhi watu kumi na wanane. Darasa letu hasa lilikuwa uwanja.

Sasa, kule shule ya jioni mwalimu alikuwa ametuambia kwamba mkono wa mtoto hauanzi kuandika kwa penseli. Unaanza kwa kuchota, kumimina, kukanda na kuchimba. Nusura nilie kwa hasira. Miaka yote ile nabeba vifaa vya shule mgongoni na hakuna aliyeniambia! Na sisi tulikuwa na msichana wa miaka mitano aliyeshika penseli kama anayemkaba mwizi. Alivunja mbili kwa siku. Nikaenda kwa msimamizi mmoja niliyemfanyia kazi zamani, akanipa mchanga uliobaki kwenye mjengo wake. Ukaja Jumatatu kwa mkokoteni, safari nne. Niliuchekecha wote hadi hapakubaki jiwe la kumkwaza sisimizi, nikauzungushia matairi makuukuu, nikatafuta na turubai la kuufunika ili paka wasiufanye choo.

Niliwafikiria paka. Majirani sikuwafikiria.

Jumanne akaja mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akasimama juu ya mchanga na viatu vyake vya kung'aa.

"Fundi, unajenga nini hapa?"

"Sijengi, mwenyekiti. Ni wa watoto kuchezea."

"Mtu wa mjengo alete mchanga wa kuchezea? Umetuona wajinga?"

"Wajinga sijawaona. Nimeona viatu vyako juu ya darasa langu."

Hapo niliharibu. Akatoa amri papo hapo: Jumapili mchana kamati inakuja. Kama mchanga bado upo, vijana watauzoa kwa sepetu, na watoto wangu wasionekane tena uwanjani. Mke wangu akaniuliza kwa nini sikumjibu kwa upole. Nikamwambia upole niliusahau nyumbani.

"Basi Jumapili uubebe," akasema.

Kufikia Alhamisi nilikuwa nimeshajenga ghorofa tano midomoni mwa watu, na baa chini yake. Mama wawili wakaacha kuleta watoto. Yule msichana wetu hakuwa na habari. Wiki nzima alijaza sufuria isiyo na mkono, akaimwaga, akaijaza. Ijumaa akachora duara kwa kidole, na lile duara likafunga. Mtu mwingine angeona duara tu. Mimi nilitaka kuita magari ya zimamoto yaje yapige king'ora. Nikasema moyoni, mchanga huu hautoki hata waje na jeshi.

Jumapili walikuja watu wa nusu ya mitaa ya Eastlands. Mwenyekiti alikuwa na karatasi iliyochapwa, akaisoma kwa sauti ya mahubiri: "Mimi, mtumiaji wa uwanja huu, naahidi sitajenga hapa, sitaweka ua, wala sitamruhusu mtu mwingine kuutwaa." Nikitia sahihi, watoto wabaki. Nikikataa, sepetu zianze kazi.

Alikuwa na hakika nitakataa. Nilitia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Kisha nikamrudishia kalamu.

"Sasa wewe."

"Mimi nini?"

"Hapo chini yangu nimekuachia nafasi. Nawe unautumia uwanja, mwenyekiti. Gari lako si hulala hapa?"

Akaitazama kalamu kama nimempa nyoka. Shosho mmoja, bibi mzee anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe pale kwenye kona, akachoka kusimama.

"Weka sahihi twende, baba. Kwani ni ndoa?"

"Lazima niisome vizuri kwanza," mwenyekiti akasema.

"Si umeiandika wewe!"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Vijana waliokuja na sepetu wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Mzee, kumbe ulikuwa unatupanga, tumfukuze fundi uwanja uuchukue wewe?"

Mwenyekiti akakumbuka ana mgeni nyumbani. Shosho akaichukua kalamu, akatia sahihi. Akafuata mama mmoja kati ya wale wawili walioondoa watoto, kisha wale vijana, sepetu kwapani, hadi karatasi ikajaa pande zote mbili.

Leo iko ukutani kwetu, kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne. Nafasi iliyo chini ya jina langu hakuna aliyeigusa. Watu wote waliandika wakiizunguka. Watoto wa alasiri wanaisoma karatasi hiyo bila kukwama, na mwenyekiti akipita huacha mchanga wakamkimbilia.

"Mwenyekiti, umemaliza kusoma?"

Mke wangu anasema huo ni utovu wa adabu, niwakataze. Nitawakataza. Atie sahihi kwanza.