Diski ya Kampala

Jumanne, kwenye kafe ya intaneti ninayoizoea mjini, mwanamke anayewachapia wanafunzi tasnifu kwa kompyuta aliweka diski yake juu ya kaunta kwa mikono miwili, kama anayelaza mtoto mwenye homa. Ilikuwa imeanza kugonga ndani, kama diski inayokaribia kufa. Tasnifu kumi na moja zilikuwa humo, na alitaka diski nyingine kabla hii haijafa.

Muuzaji wa vifaa, nyuma ya kaunta, akataja bei. Mwanamke akashika kiuno. "Papa, bei gani hiyo?"

"Ni vita, mama."

Siku hizi hata ugumu wa mkate husingiziwa vita.

Fundi mmoja wa kompyuta, Mkongomani aliyeketi pembeni, hakuinua macho kutoka kwenye skrini. "Mama, apana lipa. Hapa kwa foramu ya mafundi, kwa intaneti, mutu ameandika diski kama hiyo iko nusu bei Kampala. Tantine, shangazi yangu, anaenda kesho kununua nguo, atakuletea."

"We, unaniharibia soko!" muuzaji akafoka.

"Mi hiyo habari nilipewa bure. Nitaficha namna gani?"

Wiki iliyofuata niliwakuta tena. Tasnifu zote zilikuwa zimehamia salama kwenye diski mpya kutoka Kampala. Kwenye foramu ile, aliyefaidika hurudi kuandika bei aliyolipa, ili wengine wajue. Mwanamke alisimama begani kwa fundi, akiamuru: "Andika merci, asante sana. Andika tena."

Muuzaji akajongea. "Na adresi ya hilo duka la Kampala uandike vizuri. Mi pia nitatuma mutu."

Nilicheka, mpaka nikakumbuka duka la mtaa wa Mutakura linaloniuzia karatasi kwa bei rahisi, ambalo mwaka mzima sijamtajia mtu. Wasomaji, ni mlango wa kijani, nyuma ya soko. Nendeni.