Mrija wa Mkwe

Kama umewahi kunywa malwa, ile pombe ya wimbi, popote kati ya Tororo na Busia bila kutema makapi, mshukuru Nereah wa Paya. Wako wengine wanaosema nao wanatengeneza mirija. Waache waseme. Mrija wa Nereah unampita mwanamume mrefu aliyesimama, na ule mdomo wake wa chini unaochuja ameusuka kwa mkono hadi wimbi lote linabaki chunguni likinung'unika. Mnazunguka chungu, kila mtu na mrija wake, maji ya moto yanaongezwa, na serikali inapinduliwa mara kadhaa kabla ya jua kutua.

Sifa hizo zilivuka bahari. Justine, binti wa dada yake aliyeko Uingereza, alipiga simu: watu wa nyumbani walioko huko wamepata wimbi, wamepata chungu, lakini mirija hawana. Nereah akafunga mzigo wake wa kwanza wa kupanda ndege, akaupeleka Busia ili avuke nao, maana wakala wa kusafirisha yuko upande wa Kenya.

Kwenye meza ya ukaguzi akamkuta afisa kijana, Obore, shati limepigwa pasi mpaka linaogopesha.

"Hii kitu ni nini, mama?"

"Mirija ya malwa."

Obore akatafuta kwenye kompyuta. "Hapa haiko. Ni mmea? Ni ala ya muziki?" Akauweka mmoja mdomoni, akaupuliza. Wenzake wakacheka.

"Si ya kupuliza, baba. Ni ya kunyonya."

"Iko na shimo ndani. Najuaje umeficha nini?"

Huyo ni mtoto wa mjini, aliyelelewa na bia ya chupa. Akachukua kisu, akapasua mrija wa kwanza kwa urefu, halafu wa pili, halafu akanogewa. Nereah akapiga kelele, "Umeua, baba! Ukipasua umeua!" Kisu hakikusikia. Alipoimaliza yote, akaifunga kwa utepe wa gundi na kugonga mhuri.

"Nimekagua ndani. Safi. Hakuna kitu. Pita."

Apite aende wapi? Mrija uliopasuka unavuta upepo tu. Nereah akarudi Paya na fungu lake begani kama mtu aliyetoka kuzika.

Justine akapiga tena, sauti imepoa. "Mama mdogo, watu walikaa hapa wakaangalia chungu kama televisheni iliyozimika. Kuna duka linauza ya plastiki. Krismasi nikikosa yako, basi, tunachukua hiyo."

Plastiki! Neno hilo lilimchoma kuliko kisu. Majirani wakamshauri awashie jiko kwa vile vipande na kumwachia Mungu.

"Mungu yuko na kazi mingi," akawajibu. "Hii nitamsaidia." Akavifunga vizuri, akavipandisha darini.

Hakungoja sana. Mzee Oketcho wa Nabuyoga alikuja kuagiza mirija: binti yake Kate anachumbiwa, wakwe wanakuja. "Tumepata mkwe mkubwa, Nereah," akajitapa. "Mtu wa forodha, pale Busia. Obore."

Nereah aliinamisha uso ili meno yasionekane. "Huyo nitamtengenezea wa peke yake."

Akapanda darini, akashusha maiti mmoja. Akauzungushia nyuzi nyekundu na kijani toka juu hadi chini, mpasuko ukajificha, lakini upepo ukaachiwa njia. Mrija ulipendeza kuliko bibi harusi.

Siku yenyewe chungu kikawekwa katikati ya wazee. Kule Nabuyoga mkwe hufungua chungu kwa kuvuta wa kwanza, ndipo mazungumzo yaanze, na kuomba mrija wa mwenzako ni aibu ya kurudishwa nyumbani. Nereah, aliyeileta mirija mwenyewe, akapiga magoti, akamkabidhi Obore ule wa nyuzi. Obore alikuwa ndani ya suti na fahari yake, hata hakumtambua mama wa mirija.

Obore akavuta. Upepo. Akavuta tena, mashavu yakakutana ndani, macho yakatoka, pua ikapiga filimbi. Hakuna kitu.

"Mkwe," akasema Oketcho, "pombe yetu inanuka?"

"Hapana, baba. Tamu sana."

"Tamu gani na koo halitembei?"

Wazee wakaguna. Mmoja akataka faini ya mbuzi kwa dharau, wote wakaitikia kwa furaha. Kate, kule mlangoni, akajifunika uso kwa kanga. Jasho likamshuka Obore hadi kolani. Akapapasa nyuzi, akagusa ule mpasuko, akainua macho. Sasa akamtambua.

Nereah akamwinamia sikioni kama mama mwenye huruma. "Nimekagua ndani, baba. Safi. Hakuna kitu."

"Mama, nisamehe. Nipe mwingine."

"Mzigo wangu mpya unavuka Jumatatu."

"Utavuka mzima. Kisu sitagusa."

Nereah hakuharakisha. Kwanza akakunja leso yake. Akamsalimia mzee mmoja, akauliza habari za ng'ombe wake. Aliposikia faini ya mbuzi mmoja imekuwa ya mbuzi wawili, ndipo akachomoa mrija mzima toka nyuma ya mlango.

Jumatatu Obore alibeba fungu kwa mikono yake mwenyewe hadi upande wa pili, akimwambia kila aliyeuliza, "Vyombo vya kunywea. Mmelelewa wapi nyinyi?" Krismasi Justine akatuma picha: watu wamejifunga makoti, wamezunguka chungu, kila mdomo uko kazini.

Nereah aliiangalia, akafurahi, kisha akainua macho darini. Arusi bado. Na baada ya arusi kuna watoto, na kila mtoto ana chungu chake cha kumpa jina. Mirija iliyopasuka bado iko mingi, na nyuzi amenunua za rangi zote.