Betri ya Pili na Maksai wa Migato

Siku ya kwanza kazini nilirudi nyumbani bila suruali. Nyie vijana msicheke kwanza. Fundi Mkuu, mwenye gereji pale Bariadi, alinipa kazi ya kujaza maji ya betri. Maji yale ni asidi, yakirukia nguo huoni kitu, unaona baadaye. Jioni nilikuwa nimebaki na mkanda na mifuko miwili. Fundi Mkuu akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, sasa umeajiriwa."

Ndivyo nilivyoingia kwenye umeme wa magari, bila darasa hata moja. Zamani pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi wakamwagika kama panzi, kila mmoja na mizani yake na pikapu yenye spika juu ya kabini. Gereji yetu ilitengeneza magari ya Meneja mmoja wa manunuzi. Spika zake zikipigwa Dutwa, kuku wa Maswa wanataga. Na muziki ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Ukinyamaza, wakulima wanajitwisha mafurushi yao wanahamia mizani ya jirani.

Shida ilikuwa betri. Unapiga muziki kutwa nzima injini imezimwa, jioni gari haliwaki. Kule Migato ni mchanga, kusukuma huwezi. Basi kulikuwa na bwana mmoja, rika langu, mwenye maksai wanne wa kulimia, wanyama ambao wangeweza kulivuta ziwa likaja Bariadi. Kila jioni ya soko anafunga mnyororo kwenye bampa, analivuta gari mpaka linawaka, kijiji kizima kinatazama. Wanunuzi wengine wakaanza kumwita Meneja wetu Bwana Maksai.

Dereva akaomba betri ya pili. Alikuwa na haraka, Fundi Mkuu akaziunga moja kwa moja, chanya kwa chanya. Muziki ukazinywa zote mbili kwa pamoja, na maksai wakaitwa tena.

Meneja akaja gereji mwenyewe. Hakupaza sauti, ndiyo maana tuliogopa.

"Fundi," akasema, "kesho ni soko Migato. Nikivutwa na ng'ombe tena, magari yangu yote yanahamia Maswa."

Bila magari yale, tungebaki na baiskeli, na baiskeli haina betri.

Fundi Mkuu akavua shati, tukaanza upya. Ile betri ya pili tukaifungia nyuma ya kabini, chini yake mpira wa tairi isirukeruke. Hasi yake tukaiunga kwenye bodi. Chanya tukavutia waya mnene kama mkia wa ng'ombe, tukaweka fyuzi kila mwisho, maana waya ule ukigusa bodi bila fyuzi unazika gari na dereva. Katikati tukaweka solenoidi, yaani swichi ya sumaku. Injini ikiwaka, inaziunganisha betri, zote zinachajiwa. Injini ikizimwa, inazitenga. Muziki tukauhamishia kwenye ya nyuma. "Ya mbele ni ya kuwashia gari tu," Fundi Mkuu akaniambia. "Hata mama yako akitaka kusikiliza redio, mnyime."

Kesho yake nikapanda na gari mpaka Migato. Muziki ukapigwa, vumbi la wachezaji likapanda mpaka ndege wakakohoa. Jioni spika zikaanza kukwama koo, zikanyamaza kabisa. Betri ya nyuma imekwisha. Meneja akanigeukia. Yule bwana wa maksai hakungoja kuitwa, alishafunga mnyororo kwenye bampa, watu wamejipanga.

"Fundi, shuka," akanitania, "maksai hawapendi mzigo wa bure."

Dereva akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, kwa mngurumo wa radi. Maksai walizoea gari lililokufa, hawajawahi kulisikia likifufuka lenyewe. Wakaruka, wakatimka kuelekea mbugani, na bampa letu limeng'oka, nyuma yao linalima njia nzima.

Mimi nilidhani kazi yangu imekwisha. Meneja akaliangalia vumbi lile mpaka likatua, ndipo akacheka, akamwambia dereva, "Magari mengine yote, kesho yapeleke kwa Fundi yafungwe hivi." Gereji ikapona.

Nimefanya kazi hiyo mpaka macho yakakataa waya mwembamba. Sasa nimepumzika, nakula viazi, mke wangu anasema bado nanuka asidi. Juzi nilipita Migato kumsalimia yule bwana, naye kazeeka kama mimi. Bampa letu bado analo, ndilo komeo la zizi lake. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakulirudisha.

"Nangoja jioni moja tu gari lenu ligome," akasema. "Nitakuja nalo, na maksai."

Bado anangoja.