Niandikie, Mwanangu

Ukitaka kujua mtu amepanda cheo kiasi gani, usihangaike na mshahara wake wala gari lake. Sikiliza shikamoo yake. Anyesi Chilewa ndivyo alivyokuwa anawapima, na kwa miaka thelathini na tatu ya kukaa masijala hakuwahi kukosea. Kijana akiajiriwa leo, anasimama mlangoni, anainama, "Shikamoo mama." Akipewa kitengo, inageuka "Habari za asubuhi, mama." Akianza kukaimu, anapita na simu sikioni, kidevu kinanyanyuka kidogo, basi, umeshasalimiwa hivyo. Anyesi hakukasirika tena. Alishakasirika sana huko nyuma, hasira zikaisha, ukabaki uchovu.

Masijala, kwa asiyeijua, ni chumba cha majalada. Kila barua inayoingia ofisini inapitia humo: inagongwa muhuri wa tarehe, inatobolewa, inafungwa kwenye jalada lake, kisha inaandikwa namba kwa kalamu nyekundu, juu kulia. Karatasi hiyo yenye namba ndiyo folio. Mfumo wa kompyuta ulishakuja na vijana wanausifu, lakini majalada ya zamani bado yapo rafuni, na ugomvi wa ofisi, sijui kwa nini, hupenda kuzuka kwenye hayo hayo ya zamani. Anyesi alikuwa na desturi moja aliyofundishwa na mzee aliyempokea kazini: jalada likirudi, usiliweke rafuni kabla hujahesabu. Wenzake walimcheka. Walisema anahesabu karatasi kama mbuzi zizini. Naye alikuwa Mgogo wa Msalato, na kweli mbuzi alikuwa amewahesabu tangu utotoni, kwa hiyo aliwaacha wacheke.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Imebaki miwili astaafu, na katika hiyo miwili alitaka kitu kimoja tu: aimalizie Dodoma. Mama yake, Bibi Tabu, alikuwa Msalato, nje kidogo ya mji, macho yamekwisha, na kuhama hataki. "Niende wapi, na baba yenu amelala hapa?" Watoto wengine wote wamezikwa, amebaki Anyesi. Kila Jumatano akitoka kazini, na kila Jumamosi kutwa, Anyesi alitoka Chang'ombe ya hapo hapo Dodoma alikopanga akaenda kumwogesha mama yake, kumsuka, kumpikia na kumpigisha stori. Siku nyingine jirani aitwaye Ruthu alichungulia, lakini Ruthu naye ana wanawe na shamba lake. Barua moja tu ya uhamisho, na bibi kizee angebaki na kuta. Hilo Anyesi alilijua, na kwa bahati mbaya mabosi wake walilijua pia.

Wa kwanza kulitumia alikuwa Geofrey, kaimu mkuu wa idara. Huyu Geofrey alifika pale miaka ya nyuma akiwa mwanafunzi wa mazoezi, viatu vimechoka, na Anyesi ndiye aliyemfundisha kufunga jalada na kuhesabu folio. Tena alikuwa akimnunulia chai na chapati. Sasa aliingia masijala bila hodi, akafunga mlango.

"Mama, lile jalada la kisima. Folio ya arobaini na moja imeingia kimakosa. Itoe, halafu panga namba upya."

Anyesi alilijua jalada hilo. Ofisi ilitaka kuchimba kisima kwenye nyumba za watumishi. Afisa mmoja kijana, binti aitwaye Loisi, akaandika dokezo kwamba mahali pale maji ni ya chumvi, wasipeleke mtambo. Hilo dokezo ndilo folio ya arobaini na moja. Geofrey aliandika pembeni yake kwa mkono wake mwenyewe, "Nimeona. Endeleeni," akasaini. Wakachimba. Maji yakatoka, na lo! chumvi ile hata mbuzi waliigomea. Wakubwa wakaanza kuuliza ilikuwaje, Geofrey akajibu kwamba Loisi hakumtahadharisha mtu. Bila karatasi ile, Loisi hana kazi.

"Sawa, bosi," Anyesi alisema. "Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Hayo maagizo. Andika folio ya arobaini na moja itolewe, usaini. Mimi nitaitoa, na karatasi yako nitaifunga palepale ilipokuwa."

Geofrey alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mama Anyesi, umebakiza miaka mingapi vile?"

"Miwili."

"Na bibi bado yupo Msalato?"

"Yupo."

"Unajua Kakonko wanalia, hawana mtunza kumbukumbu." Akafungua mlango, akatoka.

Kakonko! Unajua Kakonko ilipo? Kule Kigoma, karibu na Burundi. Anyesi alikaa, akaogopa kweli kweli. Si kwamba alikuwa shujaa. Angekuwa shujaa asingekuwa na habari ya Charles. Charles alikuwa dereva, zamani, Anyesi akiwa bado msichana wa kazi mpya. Bosi wa enzi hizo alimwambia atoe karatasi moja kwenye jalada la gari, akatoa, kwa sababu bosi ni bosi. Charles akafukuzwa. Kwa miaka mingi baadaye walikutana Makole, Charles anasukuma mkokoteni wa mahindi ya kuchoma, na kila mara alimsalimia kwa furaha, "Dada Anyesi, hujambo?", akamchagulia hindi zuri. Hakujua. Alikufa hajajua. Anyesi mpaka leo mahindi ya kuchoma hayapiti kooni.

Basi, Geofrey alipoona folio haitolewi, akamtuma katibu muhtasi achukue jalada, akasaini kitabu cha kuazimia. Kesho yake likarudi. Anyesi akavaa miwani, akahesabu. Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na mbili. Mtu uliyemfundisha mwenyewe kuhesabu, akapanda cheo, akasahau kwamba kuna wanaohesabu! Hakuita mtu, hakupiga kelele. Alichukua karatasi nyeupe akaandika: folio ya 41 haikuwemo jalada liliporudishwa kutoka kwa Kaimu Mkuu wa Idara. Akaandika tarehe na saa, akasaini, akaifunga pale penye pengo. Halafu akaenda chooni akalia, maana alikuwa anamwona mama yake anapapasa ukuta kutafuta mlango.

Kamati ya kuchunguza habari ya kisima ilipokuja, ilikuta karatasi hiyo, ikaomba kitabu cha kuazimia, ikamwendea Geofrey. Dokezo lilikuwa kwenye droo yake. Watu wana ajabu, kitu cha kuchoma ndicho wanachokitunza. Geofrey akaondolewa, na wakubwa kwa kutaka kuonekana wametenda haki wakamkaimisha Loisi kiti kilekile.

Loisi alikuja masijala akapiga magoti sakafuni, na suruali yake nzuri ya ofisini. "Mama, wewe umenizaa mara ya pili," alisema, machozi yanamtoka. Jumamosi ile akaenda naye mpaka Msalato. Alimbebea Bibi Tabu blanketi na unga wa uwele, akakaa chini kwenye mkeka, akamshika bibi mikono akampaka mafuta. Bibi hakuacha kumtaja tangu siku hiyo. Anyesi naye, Mungu amsamehe, alijiruhusu kupumua. Alirudi nyumbani akalala usingizi mzito, akawaza kwamba safari hii amepata bosi mtu.

Miezi mitatu shikamoo ilikuwa kamili. Mwezi wa nne ikawa "Habari za asubuhi, mama." Anyesi alisikia, akajiambia mtoto ana kazi nyingi. Mwezi wa saba kidevu kilipanda. Hapo alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

Wiki hiyo hiyo Loisi alimwita ofisini kwake. Kiti kilikuwa kile kile cha Geofrey, kitambaa kipya. Alimkaribisha chai, akaulizia afya ya bibi, kisha akasukuma karatasi mbili juu ya meza.

Ilikuwa habari ya kisima tena, safari hii kisima cha pili. Mpimaji wa maji, Elisha, alileta ripoti Jumatatu kwamba sehemu mpya waliyoichagua nayo ni chumvi tupu. Anyesi aliigonga muhuri Jumatatu hiyo hiyo na kuipeleka mezani kwa Loisi. Loisi, kwa haraka ya kutaka wakubwa waone amechimba, hakuisoma. Jumatano akasaini mtambo uende. Sasa maji yametoka, na hayanyweki.

"Nimechapisha nakala safi," Loisi alisema taratibu. "Maneno ni yale yale, sijabadili hata nukta. Nataka tu uigonge muhuri wa Ijumaa. Ionekane ilifika nikiwa nimeshasaini. Si uongo mkubwa, mama. Ni siku nne tu."

Anyesi alimtazama. Alitaka kumkumbusha kupiga magoti kule, na mikono ya bibi, na machozi. Akaona ni kupoteza mate. Uchovu ulimshuka kuanzia mabegani, mzito, akatamani alale hapo hapo mezani.

"Niandikie, mwanangu."

Loisi akaelewa mara moja, maana alishasimuliwa neno hilo lilivyomwokoa. Uso ukamwiva. "Mama Anyesi, mimi si Geofrey."

"Najua."

"Nilidhani tuko pamoja."

"Tuko pamoja," Anyesi alisema. "Lakini Jumatatu ni Jumatatu." Akanyanyuka, chai hajaigusa.

Asante ya punda ni mateke, wahenga hawakuwa na shida ya maneno. Wiki mbili hazikutimia. Asubuhi moja Anyesi alikuwa anafungua bahasha za siku kama kawaida, anagonga muhuri, hii, hii, na hii, akafika kwenye bahasha yenye jina lake. Uhamisho kwa manufaa ya umma, kituo kipya Kakonko, aripoti ndani ya siku kumi na nne. Nakala ya pili ilikuwa ya kufungwa kwenye jalada lake binafsi. Hakukuwa na mwingine wa kuifunga. Aliigonga tarehe ya siku hiyo, akaitoboa, akaandika kwa kalamu nyekundu: 62. Kisha akahesabu kuanzia moja, polepole, mpaka sitini na mbili. Zilikuwemo zote, akalirudisha rafuni.

Loisi alimkuta kwenye ngazi jioni. "Pole mama, ni maagizo ya juu," alisema, akapita.

Jumamosi Anyesi alikwenda Msalato. Alimwogesha mama yake, akamkalisha kivulini ukutani, akaanza kumsuka nywele zilizobaki chache. Alikuwa ameshaongea na Ruthu, na Ruthu alikuwa ameahidi kwa sauti ya mtu asiyeweza kutimiza. Mama hakuwa ameambiwa lolote. Mara tatu Anyesi alifungua mdomo, mara tatu akaufunga.

"Mikono yako leo mizito," Bibi Tabu alisema. "Wanakuchosha huko kazini."

"Kidogo tu, mama."

"Basi siku ukichoka usije. Mwambie yule binti yako, Loisi, aje yeye. Yule ana moyo. Mpaka leo nayasikia yale mafuta mikononi."

Anyesi aliendelea kusuka. Miaka yote hiyo, tangu Charles, hakuwa ameweka uongo hata mmoja mahali pa ukweli.

"Sawa, mama," alisema. "Nitamwambia aje."