Hayupo, Anamvika Mama Yake Sanda

Shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na mtungi wa maziwa kichwani. Kwa hivyo nikikwambia habari za Wamisri wa kale, ujue sikuzisoma mahali. Nimeambiwa na mzee mmoja wa huku ughaibuni, mji wa New Hope, Mzungu, mwalimu wa historia aliyestaafu. Kazi yangu ni kumwogesha, kumpa dawa na kumsikiliza. Kuogesha ni dakika ishirini. Saa zote zinazobaki ni kusikiliza.

Huyo mzee anaipenda Misri kuliko watu wanavyoipenda mbingu. Paka wa mawe wamejaa nyumba nzima, ukienda chooni wanakusindikiza na macho. Siku moja nilimvunjia sahani, akanikataza kutupa vipande. Akasema Wamisri maskini walikuwa wanaandika kwenye vigae, karatasi ilikuwa ya wakubwa. Na juu ya kabati la televisheni amepanga visanamu vya urefu wa kidole, mikono imekunjwa kifuani. Anasema watu walikuwa wanazikwa navyo. Marehemu akiitwa kwenda kulima huko ahera, kisanamu kinaruka, kinasema, "Mimi hapa," kinashika jembe. Mwenyewe anaendelea kulala.

"Hicho ni mimi kabisa," nikamwambia. "Ofisi ikitafuta mtu wa shifti, nasema mimi hapa kabla simu haijalia."

Alicheka mpaka nikamshika asiporomoke kutoka kwa kiti chake cha magurudumu.

Sasa, Jumamosi ninayoisema. Mama yangu alikuwa amefariki kule nyumbani Jumanne. Kusafiri singeweza. Makaratasi yangu yamekaa kwa serikali, nikitoka nchi hii mlango unafungwa nyuma yangu. Kilichobaki ni maombi kwa mdogo wangu, mji wa jirani wa Maple Grove, saa tisa mchana. Watu wa kwetu wote wangekuwa hapo, na mimi kama kifungua mimba ndiye wa kusimama niwaambie mama alikuwa mtu gani. Nisipofika, angesimama mdogo wangu. Mdogo wangu ni mtu mwema, lakini akisimulia jambo hata walio hai wanalala.

Shifti yangu ya usiku ilikuwa iishe saa moja asubuhi. Saa moja ikafika, anayenipokea hakufika. Akapiga simu kutoka Blaine, gari lake limeingia mtaroni na linatoa mkia tu. Theluji ilikuwa inamwagika kama mtu ametoboa magunia ya unga huko juu akaenda zake. Nikachungulia nione gari langu, nikaona antena. Na baridi yenyewe ni ile ukimsalimia mtu leo, salamu inaganda njiani, anaipata Aprili. Halafu hata barabara ingekuwa safi, sheria ya hii kazi ni moja: humwachi mgonjwa mpaka mwenzako asimame mbele yako.

Nikapigia ofisi. Akapokea yule dada wa kupanga ratiba.

"Nahitaji mtu anipokee kabla ya saa nane," nikamwambia. "Mama yangu amefariki."

Nasikia anabonyeza kompyuta.

"Pole. Lakini hapa inaonyesha mama yako alifariki mwaka juzi. Tulikutumia kadi."

Kweli walituma, ina maua ya zambarau. Mwaka juzi alifariki dada yake mama, yule aliyeninyonyesha mama akiwa hospitali, akanilea mpaka nikaota meno ya pili. Kwetu huyo ni mama, na kwenye msiba wake hakuna mtu anakuuliza mnahusiana vipi. Hata haikunijia kwamba ofisi inataka kuelezwa. Basi nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo akina mama walivyozidi kuongezeka.

"Kwa hivyo una mama wawili," akasema.

"Watatu. Yule mdogo bado yuko hai."

"Aha. Kwa hivyo kuna msiba mwingine unakuja."

Simlaumu. Mimi ndiye niliyewahi kumwambia nimechelewa kwa sababu kulungu watatu wamelalia gari langu. Alikuwa mmoja, na alikuwa anapita tu.

"Fomu ya ruhusa ya msiba ina nafasi ya mama mmoja," akaniambia. "Na leo sina mtu wa kutuma. Baki hapo."

Nikazunguka ile nyumba kama kuku aliyefungwa mguu. Jikoni, dirishani, mlangoni, jikoni. Paka wa mawe wananitazama.

"Mzee," nikasema, "leo nimejua kaburi la farao lilivyo. Chakula kipo, vyombo vipo, mlango ndio hakuna."

Hakucheka. "Aliyefariki ni mama yupi?"

"Aliyenizaa."

Akaanza, na mimi nikajua ni Misri tena. Akasema wale waliochimba makaburi ya wafalme walikuwa na karani. Kila siku karani anaandika kwenye kipande cha jiwe nani hakuja kazini na sababu yake.

"Huyu ameumwa na nge. Huyu anaumwa macho. Huyu hayupo, anapika pombe."

"Anapika pombe na wanamwachilia?"

"Wanamwachilia. Na huyu hayupo, anamvika mama yake sanda. Jiwe lenyewe nimeliona kwa macho yangu."

Nikakaa chini. Farao, mtu aliyeitwa mungu, na hakuna aliyeuliza ni mama wa ngapi.

"Nipe simu," mzee akasema. Akapiga ofisi mwenyewe. "Mfanyakazi wangu leo hayupo."

Yule dada akashtuka. "Amekuacha peke yako?"

"Yuko hapa kwenye kochi. Lakini hayupo. Andika hivyo."

"Siwezi kuandika hivyo, mzee."

"Basi nitaandika mimi."

Akachukua kigae cha ile sahani na kalamu ninayotilia alama siku za dawa. Akaandika polepole, akakisimamisha kati ya visanamu vyake. Nilimwomba anisomee. Akanisomea mara mbili.

Saa tisa nikapiga video Maple Grove. Mdogo wangu akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikaona nyuso zimejaa sebule.

"Dada, si uko kazini?"

"Nimeandikwa sipo."

"Na hapo ni wapi?"

"Nyamaza, nianze."

Mzee alikuwa amejisukuma jikoni na kunikataza nisiinuke. Akaniletea chai. Maji vuguvugu, maziwa baridi, majani hayajapata habari kwamba yamo ndani ya kikombe. Ile chai ingemuua farao mara ya pili. Niliimaliza yote.

Nikaanza na siku mama alipomzaba fahali wa chifu kofi moja, fahali akaomba msamaha. Ukweli alikuwa ndama. Sebule nzima ikacheka, halafu nikasikia mtu analia, halafu nikajua ni mimi. Mzee hajui Kiswahili hata salamu, lakini alikaa mlangoni pa jikoni muda wote, ananisikiliza.

Katikati ya hadithi simu ya nyumba ikalia. Tulijua ni ofisi. Mzee akaitazama, mimi nikaitazama, visanamu vikaitazama. Hakuna aliyesema mimi hapa.