Bata Mzinga na Wakulima wa Mdalasini

Jamani, hii aibu nimekwepa kuisimulia miaka yote; ilikuwa siku zile intaneti kafe ndiyo kwanza zinafunguliwa Morogoro mjini na mimi nikijiita fundi wa tovuti (kozi ya miezi mitatu, cheti nimekitundika sebuleni).

Mnunuzi mmoja wa viungo akanipa kazi: wakulima wa mdalasini wajisajili kwenye fomu ya tovuti yake, atakaowakuta kwenye orodha ndio atakaonunua kwao. Nikaifanya rahisi, sehemu tano tu za kujaza, na ili mtu asijisajili mara mbili nikaamua sanduku moja la posta, mkulima mmoja. Nilivyojisifu!

Wakateremka watu wa kijijini kwa mjomba, huko Matombo, wakapanga foleni kafe kutwa nzima, mimi nawajazia, na kila mmoja kompyuta inamwambia "Asante, umesajiliwa", wanapigiana makofi. Walipoondoka nikaijaribu tena kuona kama bado inafanya kazi, nikaandika jina la kipuuzi, Bata Mzinga, na sanduku lile lile ambalo vidole vilishalizoea. Nikachapa orodha, nikaitia kwenye bahasha ya mnunuzi bila hata kuitazama.

Siku ya mnunuzi kupanda mlimani, nami ndani ya gari lake, tukakuta magunia yamepangwa uwanjani, mjomba kavaa koti. Mnunuzi akasoma jina moja, akageuza karatasi, nyuma peupe.

"Bata Mzinga yuko wapi?"

Nikakimbilia gari nikachungulia chini ya viti, labda karatasi nyingine zimeanguka, nikarudi, nikasoma mwenyewe, sielewi kitu.

"Shikamoo mjomba," nikasema (sijui kwa nini, tulishaamkiana asubuhi).

"Marahaba. Sisi tumekwenda wapi?"

"Mjomba, lile sanduku la posta mlilonitajia wote ni la nani?"

"Si hilo la shule? Kijiji kizima barua zetu zinapita kwa mwalimu mkuu. Zako za sekondari zilipita wapi?"

Ndipo nikaelewa: kwa kuwa sanduku ni moja, kila niliyemwandika alimfuta aliyemtangulia, na bata wangu akawafuta wote. Nikaeleza huku nalia. Mnunuzi akasema yeye anafuata orodha, akawasha gari akaenda kununua katika vijiji vya mbele. Nilitamani wanicheke, hakuna aliyecheka, wakajitwisha magunia yao wakarudi nayo majumbani.

Siku hizi siigusi fomu yoyote kabla sijakaa na atakayeijaza nikamwuliza barua zinamfikiaje, na majina ya mzaha nimeapa siandiki tena. Mjomba alinisamehe. Mdalasini wake aliishia kumwuzia mlanguzi, kwa bei ambayo mpaka leo hataki kunitajia.